Karatasi ya Povu

Hadi leo Sensa hajui ni nani aliyeiandika ile karatasi. Ameigeuza kichwani kila upande, ameulinganisha mwandiko wake na miandiko ya watu wote anaowafahamu mtaani, na jibu hajalipata. Wenzake wa benchi wamekwishachoka kuizungumzia. Yeye hajachoka, ila ameacha kuuliza kwa sauti.

Benchi lenyewe liko nje ya duka la kinyozi: ubao mmoja mrefu juu ya matofali, umebonyea katikati kwa miaka ya kukaliwa. Mbele yake inapita barabara ya malori, na ng'ambo ya barabara kuna ukuta wa ghala la zamani lenye kiwanja kilichomezwa na magugu. Asubuhi, kabla kazi hazijachanganya, hukaa pale watu wale wale. Kuna Kinyozi, anayefungua duka mapema na kuanza kazi kwa kuchelewa. Kuna Profesa, fundi wa redio na simu, ambaye hakusomea kitu chochote lakini amesoma kila kipande cha gazeti kilichowahi kufungiwa spea. Kuna Dereva wa lori la mchanga, mtu mnene wa maneno machache. Kuna Shangazi, mwenye birika la kahawa na vikombe sita, shangazi wa kila mtu bila kuwa ndugu wa yeyote. Na kuna Sensa. Juu ya vichwa vyao, kwenye msumari, linaning'inia kopo la rangi lililotobolewa kifuniko, limeandikwa kwa brashi: UKIMWONA, ANDIKA.

Wa kuonwa ni kalunguyeye, yule mnyama mdogo mwenye mgongo wa miiba, ambaye ukimgusa anajikunja akawa mpira. Zamani walikuwa wengi mtaani, watoto wakiwabeba kwenye kofia. Sensa aliwajua tangu akiwa kazini, maana kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa msoma mita za maji, na mtu anayeinama nyuma ya kila nyumba huona mengi. Alipostaafu akajitolea kwa Chama cha Wanyama wa Mjini. Kazi ilikuwa hii: kila mwaka baridi inapokwisha na miti kuanza kuchipua, kalunguyeye wanapoamka kwenye usingizi wao mrefu, yeye apite njia ile ile kwa wiki sita, kila kunapopambazuka, na aandike aliowaona. Na mtu mwingine akikutana na mmoja kwa bahati, atumbukize karatasi koponi: siku, saa, mahali, alikuwa akifanya nini. Fomu ya Chama ilikuwa na nafasi ya sahihi. Kinyozi akasema watu wakiona sahihi watadhani ni mambo ya serikali, wataogopa. Sensa akakubali kuiondoa. Akawa ananakili karatasi zote kwenye daftari, na daftari zima likawa na sahihi moja tu, ya kwake.

Asubuhi ile ya wiki ya tano, katika msimu wa tatu, alirudi kutoka matembezini, akakaa, akaivua miwani yake minene na kuiweka gotini.

— Leo ndio mwisho. Nalirudisha daftari.

— Ameanza, akasema Kinyozi. Shangazi, mpe kahawa kabla hajalia.

— Silii. Nasema macho yamekwisha. Mwaka huu karatasi ishirini na moja. Ishirini na moja! Mtaa mzima unawaona. Mimi napita kila siku ya Mungu, nimeona nini?

— Nini? akauliza Profesa.

— Paka.

— Wangapi?

— Usinichokoze, Profesa. Sina hali hiyo leo.

Shangazi akammiminia. Alipompa kikombe alikisogeza mpaka kikagusa vidole vyake, kama anavyopewa mtu asiyeona vizuri, na Sensa akaumia kwa wema ule.

— Wewe shida yako si macho, akasema Kinyozi. Shida ni viatu. Unatembea kwa kishindo cha mtu wa idara. Mimi nikiwa mnyama nikasikia kishindo hicho, najikunja siku tatu.

— Nimevaa raba tangu mwaka jana. Wewe ndiye uliyenishauri.

— Basi raba zinanuka.

— Sikilizeni, akasema Profesa, akainua kidole. Kuna mnyama anayemjua mtu kwa sura. Kunguru, kwa mfano, ukimkosea leo, mjukuu wake atakukumbuka. Sasa Sensa ameinama nyuma ya nyumba hizi miaka thelathini na mmoja. Bibi zao walimwona, wakawaambia mama zao: huyu mwenye kitabu na kalamu akija, potea. Wanamkwepa kiukoo.

— Yaani wamenigomea.

— Wamekugomea. Kisayansi kabisa.

— Na wewe Dereva? akauliza Kinyozi. Toa yako.

Dereva alikuwa anatazama barabarani.

— Sina yangu, akasema.

— Daktari ameniambia macho ni mazima kwa umri wangu, akasema Sensa. Nimekwenda mara tatu. Mara ya tatu akanitazama kama nimekwenda kumpotezea muda. Nikamwambia, daktari, majirani wanamwona mnyama mahali ninaposimama mimi, wewe unaniambia mazima? Akaniongezea unene wa miwani ili niondoke. Baiskeli nimeuza. Gazeti siku hizi nasomewa na binti yangu, naogopa kuyachosha macho. Kuvuka barabara namshika mtu mkono. Sasa niendelee kuhesabu nini? Nalirudisha, apewe mwenye macho.

Kinyozi alishika kitambaa chake na kuanza kupangusa kiti cha ndani ya duka, kiti ambacho hakikuwa na vumbi.

Ndipo binti wa Chama alipokuja. Walimfahamu kidogo, alikuwa akija mara moja kwa mwaka kuchukua nakala ya daftari, kijana wa kike mwenye begi kubwa na hatua za haraka. Siku hiyo hatua zilikuwa za haraka zaidi, na alianza kutabasamu akiwa bado ng'ambo ya barabara.

— Shikamooni wazee wangu. Shikamoo Shangazi.

— Marahaba, mwanangu. Kaa. Kahawa?

— Nitakunywa, leo nitakunywa. Mzee Sensa, nimekuletea habari nzuri. Mitaa yote tunayohesabu, kumi na saba, idadi inashuka. Mingine imefika sufuri. Mtaa mmoja tu unapanda. Mwaka wa kwanza wanane, wa pili kumi na wanne, mwaka huu ishirini na mmoja na msimu haujaisha. Wakubwa wangu wananiuliza kila siku, wale wazee wanafanya nini pale?

— Tunakaa, akasema Profesa.

— Basi kaeni hivyo hivyo. Sasa sikilizeni. Kule bondeni wanakojenga barabara mpya tumewaokota kalunguyeye tisa. Tuliwafukua kwenye majani makavu, wamelala bado kwa baridi ya bondeni, mashine ikiwa hatua ishirini. Wako ofisini kwenye maboksi, na jana wameanza kuamka. Lazima waachiwe haraka, mahali ambapo wenzao wanaishi na kuzaana. Tumekubaliana waletwe hapa. Alhamisi, kwenye kiwanja cha ghala.

Sensa aliivaa miwani yake.

— Tisa?

— Tisa, mzee. Na wewe ndiye utakayefungua maboksi. Nimewaambia, bila mzee Sensa hakuna sherehe.

— Nitawashika?

— Utawashika kwa glavu. Wanachoma.

Sensa akacheka, kicheko ambacho benchi lile halikuwa limekisikia tangu alipoiuza baiskeli. Akageuka kuwatazama wenzake ili wacheke pamoja, na akawakuta wote wanne wanatazama chini.

— Mbona hivyo? akauliza. Wivu? Na nyinyi mtashika.

— Binti, akasema Dereva. Wakiachiwa pale na hakuna wenzao, itakuwaje?

— Wapo wenzao, mzee wangu. Ishirini na mmoja.

— Nauliza tu. Kama hawapo.

— Kama wa hapa wameshindwa kuishi, hata hawa watashindwa. Ina maana hakuna chakula, au hakuna pa kulala, au barabara inawamaliza. Wiki mbili, tatu, wangekwisha. Lakini kwa nini unauliza?

Dereva alikiweka kikombe chini kati ya viatu vyake. Mikono yake, iliyozoea usukani, ilikosa pa kukaa.

— Mimi niliandika karatasi nne, akasema. Tatu ni uongo. Moja si uongo. Mwaka wa kwanza, asubuhi, natoka na mchanga, nilimwona pale, kwenye ule mstari mweupe. Niliandika anavuka kwenda upande wa ghala, salama. Hakuvuka. Nilisikia kwenye tairi. Kitu kidogo sana. Nikashuka, nikamtoa njiani, nikamweka chini ya ukuta. Halafu nikaja hapa nikaandika salama.

Lori likapita, na kwa muda mfupi hakuna aliyeweza kusikia chochote. Lilipokwisha kupita, Sensa alikuwa bado anamtazama.

— Na zile tatu?

— Zile tatu nilikaa kwenye kiti cha Kinyozi nikaandika. Hata sikutoka nje.

— Kwa nini?

Dereva akamtazama Kinyozi. Kinyozi alitoka mlangoni na kitambaa chake, akasimama.

— Sensa, ndugu yangu. Usimlaumu. Mimi ndiye niliyeanza. Unaukumbuka ule mwaka wa kwanza? Wiki nzima hukuona kitu. Ulikuwa unakuja hapa, hunywi kahawa, husemi. Ulikuwa umestaafu mwezi ule ule. Ukasema, labda na mimi nimekwisha kama wao. Nikaona aibu kukaa kimya. Nikatia karatasi moja. Moja tu. Kesho yake ulivyoifungua, wee! Ulivyoinuka! Ulitembea ule mtaa mara mbili. Sasa ningekuacha vipi uanguke tena?

— Ukatia nyingine.

— Nikatia nyingine. Halafu Profesa akanikamata natia, nikamwambia, akatia na yeye.

— Ngapi?

— Sensa...

— Mimi nimeuliza ngapi. Wewe ngapi, miaka yote mitatu?

— Kumi na tisa.

— Profesa?

— Kumi na tatu. Zangu zilikuwa na maelezo mazuri, akasema Profesa, kisha akasikia alichokisema, akainamisha kichwa. Samahani.

— Shangazi?

Shangazi alikuwa ameshika kifuniko cha birika, hakifunui wala hakifuniki.

— Sita, mwanangu. Mimi kusoma najua kidogo, kuandika sijui. Nilisema, Kinyozi akaniandikia. Nilisema nimemwona akinywa maji kwenye kisosi changu. Niliona utafurahi kusikia amekunywa kwangu.

Sensa alikuwa amefurahi kweli. Aliikumbuka siku hiyo. Alimwambia binti yake nyumbani wakati wa kula kwamba mnyama amekunywa kwenye kisosi cha Shangazi, na binti yake akamwambia, baba, kula, chakula kinapoa.

Akaivua miwani. Akaitazama barabara, ukuta, magugu yanayochungulia juu ya ukuta, majani mapya ya miti ya kando, jani moja moja. Aliviona vyote vizuri sana.

— Kumbe macho yangu mazima, akasema.

Binti wa Chama alikuwa ameketi na kahawa yake haijaguswa, uso wake umepauka. Alikuwa kijana, na labda ilikuwa mara yake ya kwanza kuona watu wazima wa umri wa wazazi wake wakiwa katika hali ile. Hakuwafokea. Alisema polepole:

— Wazee wangu, kwa sababu ya namba za hapa, mitaa miwili jirani tumeacha kuishughulikia, tukidhani wa hapa wataijaza. Kwingine tulitoboa njia chini ya kuta ili wapite, tukasema kwenu hakuna haja, kwenu wanaongezeka.

— Mungu wangu, akasema Shangazi.

— Sisi tulitaka tu mzee afurahi, akasema Kinyozi. Nani alijua kama kuna mtu anasoma?

Sensa alikuwa amelifungua daftari gotini na anahesabu kwa kidole. Ni mazoea, mtu mwingine angelitupa barabarani. Kumi na tisa, kumi na tatu, sita, nne. Akahesabu tena.

— Arobaini na mbili, akasema.

— Nini arobaini na mbili?

— Zenu. Daftari lina arobaini na tatu. Nani kanipunja moja? Semeni yote leo, nimalize.

Wakaanza kuzipitia, mstari kwa mstari, kila mtu akinyoosha mkono kwenye uongo wake kama wanafunzi. Hii yangu. Hii yangu pia. Hii ya Shangazi. Wakafika ya wiki tatu zilizopita, na hakuna mkono ulionyooka.

— Hii ni ya Kinyozi, akasema Profesa. Hii ya povu. Nilicheka nayo siku nzima, nikasema sasa Kinyozi amevuka mpaka.

— Si yangu! Mimi nilidhani ni yako. Nani mwingine ana kichwa kibovu hivyo?

— Isomeni, akasema binti.

Sensa aliitoa karatasi yenyewe, maana aliziweka zote kwenye bahasha nyuma ya daftari. Akaisoma:

— "Jumanne. Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi. Chini ya ukuta wa ghala, penye bomba lililopasuka. Alikuwa anatafuna kipande cha ngozi ya kiatu. Akatoa povu jingi mdomoni. Akageuza shingo akajipaka povu mgongoni kwa ulimi, kushoto, halafu kulia. Karibu aanguke. Sikumsogelea."

— Unaona? akasema Kinyozi. Mnyama ajipake povu! Hata mimi ningeona haya kuandika.

Binti alikuwa amesimama.

— Wanafanya hivyo, akasema.

— Nani?

— Kalunguyeye. Wakikutana na harufu ngeni, ngozi hasa, wanaitafuna mpaka povu, wanajipaka kwenye miiba. Wanajipinda hadi wanaanguka. Watu wengi hawajui. Mimi mwenyewe nimeona mara moja, miaka sita kazini. Profesa, umewahi kulisoma hili popote?

— Kwa heshima yote, akasema Profesa, ningelisoma ningelisema kila siku hapa mpaka mnifukuze.

Hilo wote waliliamini.

— Basi nani ameiandika?

Swali lilikuwa dogo hivyo. Wakatazamana. Kinyozi alisema ni mteja, mmoja wa wale wanaosubiri zamu na kuchezea kalamu. Wakataja wateja wote wa siku zile, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kutokuwa yeye: huyu hajui kuandika, huyu huamka adhuhuri, huyu akiona hata mjusi anatangaza mtaa mzima. Profesa akasema ni mtu anayeishi ndani ya ghala kwa siri, na hawezi kujitaja kwa sababu atatolewa. Halafu, kwa vile hakuna aliyembishia, akaendelea: mtu huyo hayuko peke yake, mle ndani kalunguyeye wamejaa, mia, mia mbili, wamehamia wote kutoka mitaa yote kumi na saba, ndiyo maana kwingine hawaonekani. Sauti yake ilikuwa inapanda. Alitaka mno iwe kweli.

— Niliingia ghalani juzi, akasema Sensa. Kuna makopo matupu tu.

— Labda ni mtu amekufa, akasema Dereva.

— Nani kafa?

— Sijui. Nasema labda. Aliona, akaandika, akafa. Watu wanakufa.

— Jumanne ile saa ile mimi nilikuwa upande wa lango, akasema Sensa. Hatua mia mbili. Ningepinda kona ile kwanza, badala ya kumalizia nayo...

Akageuka kuitazama kona ile.

— Mzee Sensa, akasema binti, nikiwa na mmoja tu aliyethibitishwa, mmoja hai, na shahidi mwenye jina, naweza kwenda kwa wakubwa. Nitasema mahali hapa bado pana kitu, tuzibe kando ya barabara wasivuke, tutoboe kuta, hawa tisa wasubiri kidogo. Lakini lazima awe na jina. Baada ya haya tuliyoyasikia leo, karatasi isiyo na sahihi hawataiangalia.

— Na kama halipatikani jina?

— Watapelekwa hifadhini, mbali, siku nzima njiani. Wataishi kwenye uzio. Hawatatoka tena. Na mtaa huu utafungwa kwenye vitabu vyetu.

Kinyozi akanyoosha mkono.

— Lete kalamu.

— Ya nini?

— Nitie sahihi. Mimi ndiye niliyemwona. Jumanne, saa kumi na mbili kasoro robo, povu, kushoto, kulia. Nani atanikatalia? Jambo lenyewe si ni kweli? Binti amesema ni kweli. Kinachokosekana ni jina, basi chukueni langu, lina kazi gani nyingine!

Binti hakusema ndiyo wala hapana. Alimtazama Sensa. Wote wakamtazama Sensa. Alikuwa ameikunja karatasi na kuikunjua, ameikunja na kuikunjua.

Alitaka kusema ndiyo. Hilo hakulificha baadaye, aliposimulia. Aliona maboksi tisa kwenye magugu, na mikono yake ndani ya glavu.

— Hukumwona, akasema.

— Lakini yupo aliyemwona!

— Yupo. Si wewe. Nikikuachia utie sahihi, hawa tisa wataletwa hapa kwa ushahidi wako, na mimi nitafungua maboksi ng'ambo ya barabara ile ile ya Dereva, nikiwa najua ninawafungulia wapi. Miaka mitatu nimetia sahihi kitu ambacho sikukiona. Sikujua. Leo najua.

— Ulitufurahisha sana ulivyokuwa unafurahi, akasema Kinyozi, akikikunja kitambaa chake.

— Najua, bwana. Nimekusikia. Sijasema umefanya kwa ubaya.

Binti akaomba radhi, ingawa hakuna aliyejua alikuwa anaomba radhi ya nini. Shangazi akatikisa birika, akaonyesha kwa mkono kwamba hakuna tena. Saa ya kazi ilikuwa imepita, na mteja mmoja alikuwa amekuja kwa Kinyozi, akasubiri, akaondoka.

Ndipo wakaamua, kwa maneno machache. Tisa wapelekwe hifadhini. Daftari lirudi kwa Chama siku ile ile, lakini kwanza lisafishwe: kila mtu akate mistari yake kwa mkono wake, na pembeni aandike jina lake halisi, lile ambalo benchi halikuwahi kulitumia. Sensa aliandika sufuri tatu za matembezi yake, moja kwa kila mwaka, kubwa na zilizofungwa vizuri. Profesa alikata kumi na tatu bila kuongeza maelezo. Kinyozi alikata kumi na tisa zake na sita za Shangazi. Dereva alikata tatu, na kwenye ya nne akafuta neno salama, akaandika lililo kweli, na akakaa muda mrefu ameishika kalamu.

Ukabaki mstari wa povu. Binti akasema kanuni ni ileile, usio na mwenyewe hauhesabiwi. Kalamu ilizunguka benchi zima, mtu akaishika, akampa mwenzake. Ilipomfikia Sensa aliiweka juu ya karatasi, ikaacha nukta, akaiondoa. Akasema mkono huu hautakata huo.

Shangazi akapangusa vidole kwenye kanga yake.

— Nipeni, akasema.

Akauliza ni upi, wakamwonyesha. Akaanzia kwenye neno Jumanne, akaukata taratibu, ulimi umetoka kidogo kwenye pembe ya mdomo, mstari ukipanda na kushuka, hadi akafika mwisho. Akairudisha kalamu kwa binti, akakusanya vikombe sita, akaenda kuvisuuza.